Jinsi Joto Linavyopima Pumzi ya Hewa

Msafiri atokaye Iringa kwenda Dar es Salaam kwa basi hupita Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo unaofahamika sana kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kandokando ya barabara kuu. Tuseme msafiri huyo ananunua maji ya chupa hapo Ilula, anayanywa yote, anafunga kizibo barabara, kisha anaiweka chupa tupu chini ya kiti. Basi linateremka Mlima Kitonga, linapita Ruaha Mbuyuni na Mikumi. Lifikapo Morogoro, msafiri anaiokota chupa yake na kuiona imebonyea mbavu, kana kwamba kuna mkono uliokuwa ukiiminya njia nzima. Hakuna aliyeigusa. Kilichoiminya ni hewa.

Wanafunzi wa fizikia wanaijua sababu. Sisi sote tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa hewa iliyo juu yetu hutukandamiza. Msukumo huo juu ya kila eneo ndio uitwao kanieneo ya hewa. Watabiri wa hali ya hewa huuita mgandamizo wa hewa. Pwani, kanieneo hiyo ni karibu hektopaskali 1,013. Penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kama ulivyo mwinuko wa nyanda za Iringa, hubaki karibu hektopaskali 860 tu, kwa kuwa sehemu ya bahari ile ya hewa imekwisha kuachwa chini. Chupa iliyofungwa Ilula ilibeba hewa ya Ilula. Ilipofika bondeni, hewa ya nje ilikuwa na nguvu kuliko ile ya ndani.

Tofauti hiyo ni kubwa, na hata macho matupu huiona. Lakini tujiulize swali gumu zaidi. Mwanafunzi akiinua chupa kutoka sakafuni hadi juu ya meza, yaani mita moja tu, kanieneo hubadilika pia. Katika mwinuko wa Ilula hupungua kwa paskali 10 hivi, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya hektopaskali moja. Katika barometa ya zebaki, mabadiliko hayo yangeshusha zebaki kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho haliwezi kuyaona. Je, shule ya sekondari isiyo na ala za bei kubwa inaweza kuyapima?

Jibu ni kwamba inaweza, na njia yenyewe ni ya ajabu kidogo: tutapima kanieneo kwa kutumia kitu kilichopashwa joto. Makala haya yanakusudia kueleza njia hiyo, mahali inapotumika, na tahadhari ambayo kila apimaye kwa joto hana budi kuikumbuka.

Uji wa moto na waya wa moto

Mama anayemlisha mtoto uji hupuliza kijiko kabla ya kukifikisha mdomoni. Pumzi yake huondoa hewa yenye joto na mvuke uliotanda juu ya uji, na mahali pake huja hewa nyingine iliyo baridi zaidi. Akipuliza kwa nguvu, uji hupoa upesi. Akipuliza polepole, hupoa polepole. Kwa maneno mengine, kasi ya kupoa inatoa habari za kasi ya pumzi.

Sasa badala ya uji tuweke waya mwembamba unaopashwa joto kwa mkondo wa umeme. Waya hauna maji ya kugeuka mvuke, hivyo hesabu yake ni nyepesi kuliko ya uji. Hewa ikipita, waya hupoa. Waya ukipoa, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na ukinzani ni jambo tunaloweza kulipima kwa usahihi mkubwa. Basi mwendo wa hewa umegeuzwa kuwa joto, na joto limegeuzwa kuwa umeme.

Mwaka 1914 mwanafizikia L. V. King, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha kanuni ya kupoa kwa waya wa namna hii. Alionyesha kuwa joto linalopotea lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hupotea hata hewa ikiwa imetulia. Sehemu ya pili huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya hewa kikitafutwa kinyume, yaani kwa mzizi wa mraba wa kasi. Maana yake ni kwamba ili sehemu hiyo ya pili iongezeke mara mbili, kasi ya hewa haina budi kuongezeka mara nne. Mtu anaweza kudhani huo ni upungufu wa ala hii. Kwa kazi yetu ni baraka, kwa sababu ala ya namna hiyo huwa nyepesi wa hisia pale ambapo hewa inakwenda polepole.

Mzinga uliosikiwa kwa baridi

Miaka miwili baadaye kanuni hiyo ilipata kazi isiyotarajiwa. Mwaka 1916, mwaka uleule ambao Vita Kuu ya Kwanza ilifika hadi Iringa, majeshi ya Uingereza huko Ulaya yalikuwa yakitafuta njia ya kujua mizinga ya adui imefichwa wapi. Kiongozi wa utafiti huo alikuwa Lawrence Bragg, kijana aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 25. Mpango ulikuwa kuweka maikrofoni mahali kadhaa na kulinganisha nyakati ambazo mlio ulifika kwenye kila moja. Tatizo lilikuwa kwamba maikrofoni za wakati ule zilisikia vizuri milio mikali ya bunduki na ya risasi zipitazo angani, lakini ngurumo nzito ya mzinga wenyewe, ambayo ndiyo iliyohitajiwa, zilikuwa haziisikii sawasawa.

Mwenzake Bragg aitwaye William Tucker aliona jambo dogo. Mizinga ilipolia, pumzi za hewa baridi zilipenya kwenye matundu ya ukuta wa kibanda alimolala na kumgusa usoni. Tucker alitambua kuwa ngurumo ile nzito ni mabadiliko madogo ya kanieneo, na kwamba mabadiliko hayo huisukuma hewa kupita katika kila tundu. Akachukua chombo chenye tundu dogo, akatandaza mdomoni mwake waya mwembamba wa platini uliopashwa joto, na kuuunganisha waya huo kwenye daraja la Wheatstone. Mzinga ulipolia, hewa ilipita tunduni, waya ukapoa, na galvanomita ikaonyesha badiliko hilo. Milio mikali na ya haraka haikuutikisa waya sana. Ala hiyo ilisikia kile tu kilichotakiwa kusikiwa.

Tazama jinsi Tucker alivyounganisha mambo mawili. Waya wa moto peke yake hupima mwendo wa hewa. Chombo chenye tundu hugeuza mabadiliko ya kanieneo kuwa mwendo wa hewa. Ukiviweka pamoja, unapata ala inayohisi mabadiliko ya kanieneo. Mpango wetu wa shuleni utafuata njia hiyohiyo.

Waya wa moto unaopanda Kitonga

Kabla ya kuingia maabara, turudi barabarani kidogo, maana mifano ya jambo hili hupita Ilula kila siku bila kuonekana. Injini ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Zingatia kuwa tumesema gramu, wala hatukusema lita. Lita moja ya hewa ya pwani ina uzito zaidi kuliko lita moja ya hewa ya Ilula, kwa kuwa kanieneo ya Ilula imepungua kwa karibu sehemu moja katika saba. Gari likipanda Kitonga na kuendelea kupewa petroli kwa kipimo cha pwani, litakuwa linapewa petroli kupita kiasi, litatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1980, watengenezaji wa magari walianza kuweka waya wa moto katika njia ya hewa iingiayo kwenye injini. Kompyuta ya gari huhakikisha kuwa waya huo daima una joto kuliko hewa kwa kiasi kilekile, na hupima umeme unaohitajika kufanya hivyo. Hewa nzito huupoza waya zaidi, na hewa nyepesi huupoza kidogo. Kwa hiyo kipimo hutoka moja kwa moja kwa uzito wa hewa, gari likiwa Mikumi au likiwa Ilula. Magari mengi madogo ya petroli yatokayo Japani yana kihisi cha aina hii, na hata baadhi ya magari ya dizeli.

Kihisi hiki hutupa pia fundisho lake la kwanza. Vumbi likiuganda waya, huwa kama blanketi. Waya haupoi inavyopasa, na kompyuta hudhani hewa ni kidogo. Petroli hupunguzwa, na gari hukosa nguvu mlimani ingawa injini ni nzima na mafuta ni safi. Watengenezaji wa vihisi vya kwanza walijua hatari hiyo. Walipanga waya uwe mwekundu kwa moto kwa muda wa sekunde moja hivi kila injini inapozimwa, ili uchafu uungue. Fundi asiyejua ala hii inapima nini anaweza kubadilisha vipuri vingi vya bei kubwa kabla ya kukigundua kipande kidogo kilichoshikwa na vumbi. Kihisi hakikusema uongo. Kilieleza jinsi kinavyopoa, na hilo tu. Sisi ndio tuliodhani kwamba kupoa na hewa ni kitu kimoja.

Kwa nini tunahitaji chupa

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza: kama hewa ya Ilula ni nyepesi, kwa nini tusiweke kitu cha moto katika hewa iliyotulia na kupima kanieneo moja kwa moja? Swali hili ni zuri. Kwa kweli Marcello Pirani alitengeneza ala ya namna hiyo mwaka 1906, lakini ilikuwa kwa ajili ya vyombo vilivyokaribia kutolewa hewa yote. Katika kanieneo ya kawaida, uwezo wa hewa iliyotulia kupitisha joto haubadiliki sana hata kanieneo ikibadilika. Molekuli zikipungua, wabebaji wa joto wanakuwa wachache, lakini kila mmoja husafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na mwenzake. Mambo hayo mawili hufidiana.

Ndiyo sababu tunahitaji chupa. Chupa yenye tundu moja dogo hufanya kazi kama pafu. Kanieneo ya nje ikipungua, hewa kidogo hutoka. Ikiongezeka, hewa kidogo huingia. Marubani wa ndege zisizo na injini wametumia ala ya aina hii kwa miaka mingi ili kujua kama hewa inawapandisha au inawashusha. Ala yao huitwa variometa. Chupa yake huwa na ujazo wa nusu lita hivi, na katika aina nyingi hewa itokayo au iingiayo hupita kwenye themista mbili zilizopashwa joto.

Kuunda ala shuleni

Themista ni kipande kidogo kilichotengenezwa kwa oksaidi za metali. Tofauti na waya wa platini, ukinzani wa themista ya kawaida hupungua kadiri inavyopata joto, na hupungua kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vipuri vya redio na kompyuta, na huweza pia kuchomolewa katika vifaa vibovu. Vitu vinavyohitajiwa ni hivi:

Chupa ya chai ya ujazo wa lita moja, yaani ile inayotunza joto. Kizibo cha mpira chenye tundu. Mrija wa plastiki wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 hivi. Themista mbili ndogo zinazofanana, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 1,000. Rezista moja ya omu 470. Rezista mbili za omu 10,000. Betri ya volti 9. Na mita ya umeme inayoweza kusoma milivolti.

Ingiza themista mbili ndani ya mrija, moja mbele ya nyingine, zikiachana kwa milimita 5 hivi, na kuziba kwa gundi matundu yanayopitishia nyaya. Unganisha themista hizo kwa mfuatano, pamoja na ile rezista ya omu 470, kwenye betri. Rezista hiyo ni mlinzi: bila hiyo, themista ikipata joto ukinzani wake hupungua, mkondo huongezeka, joto huzidi, na mwisho huweza kuungua. Kisha unganisha rezista mbili za omu 10,000 kwa mfuatano, sambamba na jozi ya themista. Mita ya milivolti iwekwe kati ya kiungo cha themista mbili na kiungo cha rezista mbili. Hilo ndilo daraja la Wheatstone. Kwa mpango huu kila themista hupata joto la nyuzi 10 hivi kuliko hewa iliyo kando yake.

Hewa ikitulia, themista zote mbili huwa na joto linalokaribiana, na mita husimama mahali pamoja. Hewa ikitoka chupani, themista ya kwanza hupigwa na hewa ya baridi, ilhali ya pili hupokea hewa iliyokwisha kupashwa joto na mwenzake. Tofauti hiyo huliyumbisha daraja, na mita huonyesha milivolti upande mmoja. Hewa ikiingia chupani, mambo hugeuka na mita huenda upande wa pili. Kwa hiyo ala hii hutuambia pia mwelekeo wa hewa, jambo ambalo waya mmoja hauwezi kulitambua.

Tahadhari moja isisahauliwe. Mrija uwe umelazwa, usisimamishwe. Hewa iliyo kando ya themista ina joto, na hewa yenye joto hupanda. Mrija ukisimama utakuwa kama bomba la moshi, na mita itaonyesha mwendo wa hewa uliozalishwa na ala yenyewe.

Hesabu inayotufundisha unyenyekevu

Sasa na tuinue chupa kwa mita moja. Kanieneo hupungua kwa paskali 10 kati ya paskali 86,000. Lita moja ni sentimita 1,000 za ujazo. Kwa hiyo hewa itakayotoka ni 1,000 × 10 ÷ 86,000, yaani karibu sentimita 0.12 za ujazo. Ni tone kubwa la hewa, kama tunaweza kusema hivyo. Lakini likipita kwa sekunde moja katika mrija wa milimita 4, huenda kwa kasi ya karibu sentimita moja kwa sekunde, na themista mbili huweza kuihisi.

Kisha tufanye hesabu ya pili, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tuseme chupa haikuinuliwa kabisa, bali mwanafunzi ameikumbatia, na hewa iliyo ndani imepata joto la sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja. Hewa hutanuka kwa sehemu moja katika 293 kwa kila nyuzi, kama halijoto ya chumba ni nyuzi 20. Basi hewa itakayotoka ni 1,000 × 0.1 ÷ 293, yaani karibu sentimita 0.34 za ujazo. Hiyo ni hewa nyingi kuliko ile ya kuinua chupa mita moja, karibu mara tatu! Mkono wenye joto unaweza kuonekana kwenye mita kama mlima.

Kwa sababu hiyo tumechagua chupa ya chai badala ya chupa ya kioo tupu. Kwa sababu hiyo pia watengenezaji wa variometa hujaza ndani ya chupa nyuzi laini za chuma, kama zile za kusugulia sufuria, ili hewa ya ndani ishikane na metali na isibadilike joto ovyo. Mwalimu na awaache wanafunzi wafanye jaribio bila nyuzi hizo kwanza, kisha wakiwa nazo, na kulinganisha. Jaribio linaloshindwa kwa sababu inayoeleweka hufundisha zaidi kuliko jaribio linalofaulu kwa bahati.

Wanafunzi wanaweza kujaribu mambo mengine. Funga madirisha ya darasa, kisha funga mlango kwa ghafula: mita itaruka, kwa kuwa mlango umeisukuma hewa ya chumba. Panda ngazi polepole, kisha upesi, na uangalie jinsi mita inavyofuata kasi ya kupanda badala ya urefu uliofikiwa. Wakati wa kipupwe, upepo mkali unapovuma juu ya paa, weka ala ndani ya chumba kilichofungwa na utazame mita ikicheza. Upepo hauingii, lakini mabadiliko yake ya kanieneo yanaingia.

Pumzi ya mbingu

Yako mabadiliko mengine ya kanieneo yanayopita juu ya Ilula kila siku, na watu wachache wanayajua. Katika nchi za tropiki kanieneo ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa utaratibu kama wa maji ya bahari kujaa na kupwa. Chanzo chake kikubwa ni jua linavyopasha joto tabaka za hewa za juu. Saa zetu za Kiswahili hurahisisha kukumbuka: kanieneo huwa juu kwenye saa 4, asubuhi na usiku, na huwa chini kwenye saa 10, alasiri na alfajiri. Tofauti ya asubuhi na alasiri ni hektopaskali 3 hivi.

Je, chupa yetu itaihisi pumzi hiyo? Tuhesabu. Hektopaskali 3 kwa saa sita ni nusu hektopaskali kwa saa. Chupa ya lita moja itatoa karibu sentimita 0.58 za ujazo kwa saa nzima. Mwendo huo ni mdogo kuliko ule wa kuinua chupa mita moja kwa sekunde, na ni mdogo kwa zaidi ya mara 700. Chupa yetu ni kiziwi kwa sauti hiyo. Barometa ya kawaida ikisomwa kila saa itaonyesha jambo ambalo ala yetu nyepesi haiwezi kulionyesha. Kila chombo kina mwendo wake.

Lakini hesabu hiyohiyo hutuonyesha njia. Badala ya chupa ya lita moja tutumie pipa la lita 200, kama yale ya mafuta. Hewa itakayopita itakuwa karibu sentimita 116 za ujazo kwa saa, au sentimita 0.03 kwa sekunde, ambayo ni karibu robo ya ile ya kuinua chupa kwa mita moja. Hapo themista zinaweza kuanza kusikia. Linabaki adui yuleyule, joto. Pipa likiwekwa juani litatoa na kuingiza hewa nyingi kwa sababu ya jua peke yake, na pumzi ya mbingu itazamishwa kabisa. Likifukiwa mita moja ardhini, mahali ambapo joto la mchana na baridi ya usiku havifiki kwa urahisi, matumaini yapo. Halijoto ya pipa ikibadilika kwa sehemu moja tu ya mia ya nyuzi kwa saa, kosa litakuwa sentimita 7 za ujazo kati ya 116. Kosa hilo linavumilika. Ikibadilika kwa sehemu moja ya kumi, kosa litakuwa 68, na hapo hatutajua tumepima mbingu au udongo.

Hii ni kazi inayofaa kilabu cha sayansi cha shule: pipa lisilovuja, shimo, mrija, themista mbili, na daftari la kusoma mita kila saa kwa siku kadhaa. Gharama yake kubwa ni subira. Ni kweli kwamba leo baadhi ya simu za mkononi zina kihisi kidogo cha kanieneo kinachotambua tofauti ya mita moja. Simu kama hiyo ni msaada mkubwa wa kuihakiki ala yetu. Hata hivyo, mwenye simu hupewa tarakimu peke yake. Mwenye pipa analazimika kujua tarakimu hiyo ilitoka wapi na ni nini kingeweza kuipotosha.

Fundi wa gari aliye Ilula, askari wa mwaka 1916 na mwanafunzi mwenye chupa ya chai wana ala moja mikononi mwao. Ala hiyo inajua jambo moja tu, nalo ni kupoa. Vumbi, mkono, jua, mlango na mlima vyote huzungumza nayo kwa lugha hiyo moja. Kutenganisha sauti hizo ni kazi ya mtu, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita sayansi.

Maswali ya kujipima

1. Chupa ya lita mbili inainuliwa mita tatu mahali penye kanieneo ya hektopaskali 860. Ni sentimita ngapi za ujazo za hewa zitakazotoka?

2. Vumbi likiganda kwenye themista moja tu kati ya mbili, mita itaonyesha nini hata kama hewa imetulia? Eleza.

3. Kwa nini ni afadhali kusubiri dakika kadhaa baada ya kuunganisha betri kabla ya kuanza kusoma mita?

4. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga katika Bahari ya Pasifiki ililipuka kwa nguvu yapata saa 1:15 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Wimbi la kanieneo lilienea duniani kote na kuonekana kwenye barometa za nchi nyingi. Chukua umbali hadi Iringa kuwa kilomita 15,400 na kasi ya wimbi kuwa kilomita 1,130 kwa saa. Lilipita juu ya Ilula saa ngapi? Je, ni chupa au ni pipa ambalo lingefaa kulihisi, ikiwa kanieneo ilipanda kwa hektopaskali moja katika muda wa dakika kumi?